Je, Wajua? Milimita Zinazoficha Mshipa Ulioziba

Je, wajua kwamba mtu anaweza kuwa na mshipa wa moyo ulioziba kabisa, na bado mashine ya ECG, inayopima umeme wa moyo, ikachapa juu ya karatasi yake kwamba kila kitu ni cha kawaida? Si hadithi ya vijiweni. Mwaka 2017 watafiti waliunganisha matokeo ya tafiti kadhaa zilizohusu wagonjwa zaidi ya 40,000 wa shambulio la moyo, ambao karatasi zao hazikuwa na ile alama kubwa inayofundishwa kila chuo cha udaktari. Walipoingiziwa mrija na dawa ya kuonyesha mishipa, robo yao walikutwa na mshipa uliofunga moja kwa moja. Haukuwa umepungua wala umebanwa, ulikuwa umefunga. Na kwa utaratibu wa hospitali nyingi duniani, watu wa kundi hilo ndio huambiwa wanaweza kusubiri mpaka kesho.

Alama zao mara nyingi zilikuwepo. Zilikuwa ndogo tu, au zilikaa mahali ambapo macho hayakwenda.

Mbwa aliyefikishwa bungeni

Mtu wa kwanza kuonyesha kwamba umeme wa moyo wa binadamu unaweza kunaswa juu ya ngozi, bila kumpasua mtu, alikuwa Augustus Waller, London, mwaka 1887. Waller alipenda kufanya maonyesho yake akiwa na mbwa wake, Jimmy, aliyesimamishwa na miguu yake ndani ya vyombo vya maji ya chumvi. Mwaka 1909 mbunge mmoja wa Uingereza alisimama bungeni kuuliza kama huo si ukatili kwa mnyama. Waziri alijibu, kwa utani wa kistaarabu, kwamba aliyewahi kukanyaga maji ya bahari anajua mwenyewe mbwa huyo alikuwa anasikia nini.

Aliyeigeuza kazi hiyo kuwa kipimo cha hospitali ni Willem Einthoven, Mholanzi aliyezaliwa Semarang, kisiwani Java, mwaka 1860. Mashine yake ya Leiden ilikuwa na uzito wa takribani kilo 270 na ilitaka watu watano kuiendesha. Mgonjwa alitumbukiza mikono yote miwili na mguu wa kushoto ndani ya ndoo za maji ya chumvi. Na kwa kuwa mashine haikuweza kubebwa hadi wodini, mwaka 1905 Einthoven aliunganisha waya wa simu kutoka hospitali hadi maabara yake, umbali wa kama kilomita moja na nusu, akasoma moyo wa mtu asiyemwona. Tiba ya mtandao, tunayoisifu leo kama jambo jipya, ina zaidi ya miaka 100. Herufi P, Q, R, S na T alizoyapa mawimbi ya moyo ndizo tunazotumia mpaka sasa. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1924.

Vimiraba vina bei yake

Karatasi ya ECG hutembea milimita 25 kwa sekunde. Kila kimiraba kidogo ni sekunde 0.04 kwa upana, na kwa urefu kila milimita 10 ni milivolti moja. Vibandiko vinavyowekwa mwilini ni 10 tu, lakini mashine hupiga hesabu na kutoa michoro 12, inayoitwa lidi. Mapigo ni yaleyale. Ni kama watazamaji 12 waliozunguka uwanja mmoja: bao ni moja, ila aliye nyuma ya goli ameona kitu ambacho aliye upande wa pili hakukiona. Ndiyo maana daktari asiyeitazama lidi moja huwa ameacha upande mzima wa moyo.

Mwaka 1920, New York, Harold Pardee alieleza jinsi mchoro unavyoinuka mshipa wa moyo unapoziba. Sehemu inayoinuka, ndiyo ile alama kubwa, ni kipande cha ST, ule mstari mfupi unaofuata mwiba mrefu wa QRS na kutangulia wimbi la T. Ajabu ni kwamba kwa miaka 60 baada ya hapo wataalamu waliendelea kubishana: bonge la damu ndilo linaloleta shambulio, au hujitengeneza baadaye, misuli ikishakufa? Jibu lilipatikana mwaka 1980. Marcus DeWood na wenzake, huko Spokane, Marekani, walithubutu kuwapiga picha ya mishipa wagonjwa waliokuwa bado katikati ya shambulio, jambo lililohofiwa sana wakati huo. Kati ya wagonjwa 126 waliopimwa ndani ya saa nne za mwanzo, 110 walikuwa na mshipa ulioziba kabisa. Kumbe bonge lilitangulia. Na kama lilitangulia, basi linaweza kuyeyushwa, au kusukumwa pembeni.

Tangu hapo ikawa lazima kuamua nani akimbizwe kuzibuliwa mshipa. Hapo zikaja milimita. Kanuni ya leo inataka ST iinuke angalau milimita moja katika lidi mbili jirani. Kwenye lidi V2 na V3, zilizo kifuani, mwanamke anahitaji milimita 1.5, mwanamume wa miaka 40 na zaidi milimita mbili, na aliye chini ya miaka 40 milimita 2.5. Kwa hesabu hiyo, mwanamume anaweza kulala akiwa hajatimiza kigezo na kuamka ametimiza, kwa sababu tu ni siku yake ya kuzaliwa. Moyo haujui kalenda. Kanuni inasaidia, hasa usiku wa manane kwenye chumba cha dharura chenye wagonjwa 30, lakini wenye uzoefu hutazama kwanza umbo na uwiano, milimita baadaye.

Wimbi linalovimba kabla ya mstari kuinuka

Dakika za mwanzo kabisa baada ya mshipa kuziba, ST inaweza kuwa bado imetulia. Kinachobadilika kwanza ni wimbi la T: linanenepa, kitako chake kinapanuka, na mara nyingine linauzidi mwiba wa QRS uliolitangulia. Tatizo ni kwamba hakuna urefu mmoja wa kulipima. T ya milimita nne inaweza kuwa ndogo mno kwa mtu mwenye QRS ya milimita 25, na ikawa kubwa ya kutisha kwa bibi mwembamba ambaye QRS yake haifiki milimita tano. Mashine nyingi za kawaida hazifanyi ulinganisho huo.

Kuna ugonjwa mwingine unaoinua T, nao ni potasiamu kuzidi kwenye damu, hasa kwa wenye figo zilizochoka. Tofauti iko kwenye umbo. T ya potasiamu huwa nyembamba yenye ncha kali. Ya mshipa ulioziba huwa nene, imejaa.

Lidi inayosahaulika ndiyo inayoanza kusema

Shambulio la sehemu ya chini ya moyo mara nyingine haliumizi kifua. Mgonjwa hulalamikia chembe cha moyo, kichefuchefu, jasho la baridi, na nyumbani ameshapewa maji ya tangawizi au dawa ya vidonda vya tumbo. Lidi zinazotazama sehemu hiyo ni II, III na aVF. Lakini aVL, inayotazama kutoka bega la kushoto, iko karibu mkabala na III, hivyo kinachopanda kule huonekana kinashuka huku. Mara nyingi ST ya aVL huzama nusu milimita tu, au T yake hugeuka kichwa chini, wakati III bado haijainuka kiasi cha kumshtua mtu. Daktari anayejua huenda aVL kwanza kila anapoambiwa "tumbo la juu".

Tena si suala la kutambua tu. Mshipa unaolisha chini ya moyo, kwa watu wengi, ndio huohuo unaolisha chemba ya kulia. Chemba hiyo ikipigwa, shinikizo la damu hutegemea sana damu inayorudi kutoka mwilini, na kidonge cha nitroglisirini kinachowekwa chini ya ulimi kinaweza kuliporomosha ghafla. Kwa hiyo kabla ya kukitoa, kibandiko cha V4 huhamishiwa upande wa kulia wa kifua, mchoro ukarudiwa. Kazi ya dakika moja, haina gharama.

Karatasi inayosomwa kinyumenyume

Hakuna kibandiko cha kawaida kinachokaa mgongoni. Basi mshipa unaolisha ukuta wa nyuma wa moyo ukiziba, lidi zote 12 zinaukosa uso kwa uso. Kinachoonekana ni kivuli chake: kwenye V1 hadi V4, mahali ambapo ST ingeinuka, inazama. Wengi husoma kuzama huko kuwa ni moyo unaopungukiwa damu kidogo, wakamwambia mgonjwa apumzike.

Madaktari wa zamani walikuwa na mbinu ambayo bado ni nzuri. Ipindue karatasi ili juu iwe chini na uso uwe nyuma, kisha iinue mbele ya taa na uusome mchoro kwa upande wa mgongo wake. Kilichozama kinainuka, na mara unaona shambulio la moyo lililokamilika. Asiyetaka mazingaombwe ahamishe vibandiko vitatu hadi chini ya bega la kushoto, mgongoni, ambako huitwa V7, V8 na V9. Huko nusu milimita inatosha kuwa ushahidi.

Maumivu yakiisha ndipo pa kuogopa

Hii ndiyo alama ninayoiona ya ajabu kuliko zote, na ndiyo inayowarudisha watu nyumbani kimakosa.

Mgonjwa alibanwa na kifua jana usiku kwa dakika 20. Leo asubuhi amefika kliniki hana maumivu, anacheka, anataka kuwahi dukani kwake. Vipimo vya damu viko sawa au vimepanda kidogo mno. ST imetulia. Kitu kimoja tu: kwenye V2 na V3, wimbi la T linapanda kidogo kisha linatumbukia chini ya mstari, au limegeuka lote kichwa chini, refu na lenye pande sawa.

Mwaka 1982, Chris de Zwaan, Frits Bär na Hein Wellens, wa Maastricht, Uholanzi, walieleza kundi la watu wa aina hii. Kati ya wagonjwa 145 waliolazwa kwa maumivu ya kifua yanayotishia shambulio, 26 walikuwa na mchoro huo. Kumi na sita kati ya hao hawakufanyiwa upasuaji wa mishipa, na 12 kati ya 16 walipata shambulio kubwa la ukuta wa mbele wa moyo katika wiki chache zilizofuata. Utafiti wao wa pili, uliochapishwa mwishoni mwa muongo huo, ulichukua wagonjwa 180 wenye mchoro huo. Wote walikuwa na mshipa wa mbele uliopungua vibaya. Huo ni mshipa mkubwa unaoshuka mbele ya moyo, ambao madaktari wa Magharibi, kwa mzaha mzito, huuita mtengeneza wajane.

Kinachotokea ni hiki. Usiku ule mshipa uliziba, ndipo yakaja maumivu. Kisha bonge likalegea lenyewe, damu ikapita, maumivu yakaisha, na T zilizopinduka ni misuli inayorudiwa na damu. Mshipa umebaki na tundu dogo tu, na unaweza kufunga tena wakati wowote. Kumpandisha mtu huyu kwenye mashine ya kukimbia, ili eti moyo wake upimwe vizuri, kunaweza kumuua.

Sasa ongeza kituko. Mshipa ukifunga tena, T zilizokuwa kichwa chini husimama na kuonekana za kawaida. Mgonjwa ana maumivu upya, daktari analinganisha karatasi mbili na kufurahi kwamba ya pili imekuwa nzuri. Imekuwa mbaya. Moyo wenye T zilizopinduka bila maumivu una damu. Wenye T zilizonyooka ghafla pamoja na maumivu hauna.

Kuzama kunakopanda

Mwaka 2008 Robbert de Winter na wenzake wa Amsterdam waliandika barua fupi kwenye jarida la madaktari la Boston. Kati ya wagonjwa 1,532 waliokuwa na shambulio la ukuta wa mbele wa moyo, 30, yaani asilimia mbili, hawakuwa na ST iliyoinuka. Kwao ST ilianzia milimita moja hadi tatu chini ya mstari, ikapanda moja kwa moja hadi kwenye T ndefu, yenye ncha na pande sawa. Mshipa wa mbele ulikuwa umeziba karibu na chimbuko lake. Kwa kanuni ya milimita hakuna hata mmoja wao aliyestahili kukimbizwa. Asilimia mbili ni kidogo, utasema. Ndiyo, mpaka iwe ya baba yako.

Kwa wenye hitilafu ya waya wa kushoto wa moyo, ambao ST zao ziko juu na chini kila siku hata wakiwa wazima, Elena Sgarbossa alitoa vigezo mwaka 1996. Kiini chake ni mwelekeo: kwa watu hawa ST hukaa kinyume na QRS, hivyo ikifuata upande mmoja nayo, shuku. Mwaka 2012 Stephen Smith, wa Minneapolis, alikifanyia marekebisho kigezo kimoja, akaweka uwiano mahali pa milimita tano zilizokuwepo. Smith na wenzake ndio waliokuja kupendekeza, mwaka 2018, kwamba swali la "ST imeinuka?" liachwe, tuulize "mshipa umeziba?" Mjadala haujaisha. Kwangu mimi swali la pili ndilo la mgonjwa. La kwanza ni la karatasi.

Wasiwasi usio na sababu nao upo

Haya yote yana upande wake wa pili, na unatugusa Waafrika kuliko wengine. Vijana wengi wenye asili ya Afrika, hasa wanamichezo, wana ST iliyoinuka kwa maumbile yao. Mapendekezo ya kimataifa ya mwaka 2017 kuhusu ECG za wanamichezo yanasema wazi kwamba, kwa mwanamichezo mweusi asiye na dalili, ST iliyoinuka kwa umbo la kuba na kufuatiwa na T iliyopinduka kwenye V1 hadi V4 ni hali ya kawaida. Kijana wa miaka 20 mwenye mchoro huo akipimwa na anayejua kitabu cha Ulaya pekee, anaweza kusimamishwa mpira bila kosa. Na mtu wa miaka 55 mwenye kisukari, akiwa na mchoro unaofanana na huo na jasho linamtoka, anaweza kuambiwa ndivyo alivyoumbwa.

Kinachowatenganisha, zaidi ya umri na dalili, ni muda. Maumbile hayabadiliki ndani ya nusu saa. Mshipa unaoziba hubadilika. Ndiyo maana maumivu yakiendelea na ECG ya kwanza ikawa na utata, inayofaa ni ya pili baada ya dakika 15 hivi, na ya tatu, vibandiko vikiwa vimeachwa palepale. Kuvibandua na kuvibandika upya sentimita mbili juu kunatosha kupindua T za V1 na V2 na kuwapa watu kazi ya bure.

Tusijidanganye kwamba haya ni magonjwa ya Wazungu. Katika idara ya dharura ya hospitali moja kubwa ya Moshi, kaskazini mwa Tanzania, watafiti waliwapima ECG na troponini, kipimo cha damu cha misuli ya moyo iliyojeruhiwa, watu wazima waliofika na maumivu ya kifua au pumzi kubana. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yanaonyesha kwamba zaidi ya mmoja kati ya watano walikuwa na shambulio la moyo. Wengi wa wagonjwa hao hawakuwa wameambiwa hivyo na waliowatibu. Dar es Salaam ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015, ambako mishipa huzibuliwa. Aliye Sumbawanga yuko mbali nayo. Lakini aspirini iko hadi duka la dawa la kijijini, na utafiti mkubwa wa mwaka 1988, uliohusisha wagonjwa 17,187, ulionyesha kwamba aspirini peke yake ilipunguza vifo vya wiki tano za mwanzo kwa kiasi cha robo. Mhudumu wa afya akishuku shambulio la moyo, mgonjwa huambiwa akitafune kidonge, asikimeze kizima, isipokuwa ana mzio nacho au anatoka damu.

Na kwa kuwa alama hizi ndogo husomeka vizuri zaidi zikilinganishwa na za zamani, aliyewahi kupimwa ECG akiwa mzima ana hazina ambayo wengi huitupa. Omba nakala yako. Karatasi nyingi za mashine hizi huchapwa kwa joto, bila wino, na zikikaa juani au ndani ya bahasha ya plastiki hufifia mpaka zikawa nyeupe. Ipige picha kwa simu siku hiyohiyo, herufi na tarehe zikionekana.